Mazoezi yaingie wapi kwenye hesabu ya kalori? Shajara ya mradi wa kupunguza uzito, Januari hadi Juni 2025

5 Januari 2025: Vipimo vya kuanzia

Mwanaume, miaka 41, urefu sentimita 172, uzito kilo 94.0. Uzito huo ni wastani wa wiki nzima. Napima kila asubuhi nikitoka chooni, kabla ya kunywa chochote, kwa hiyo pilau la Mwaka Mpya limo ndani yake. Kazi yangu ni hesabu za ghala hapa Dar es Salaam: kiti, meza na kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Jumapili nakimbia na klabu ya jogging ya mtaani, na mara mbili katikati ya wiki nakimbia peke yangu alfajiri.

Kwamba nile kidogo, hilo halina mjadala. Ninachotafuta katika mradi huu ni jambo moja: nikishakimbia, zile kalori nilizochoma naziandika wapi? Nikizirudisha zote kwa kula, nitapungua kweli? Nisiporudisha hata moja, nitaweza kuendelea? Klabuni kila mtu ana jibu lake na hakuna mwenye namba. Kalori ninazoandika hapa ni zile za kwenye pakiti za vyakula, yaani kilokalori.

Gharama za kuanzia: mizani ya kupimia mwili shilingi 35,000, mizani ya jikoni 22,000, saa ya mazoezi iliyotumika 60,000, raba za mtumba kutoka Karume 30,000. Programu ya simu ni ya bure. Jumla 147,000.

Hesabu ya kwanza nimeifanya kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ambayo ndiyo programu nyingi hutumia. Kwa mwanaume: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, jumlisha 5. Mwanamke hafanyi hiyo ya mwisho, yeye anatoa 161. Kwangu imetoka 1,815, na hizo ndizo kalori za kuishi tu. Kisha unazidisha kulingana na maisha yako: 1.2 kwa mtu wa kukaa, 1.375 kwa anayefanya mazoezi mepesi, na kuendelea juu. Programu iliniuliza, nikachagua mazoezi mepesi. Ikanipa 2,496 kwa siku, ikatoa 500, nikabaki na posho ya 2,000. Saa nimeiunganisha na programu. Tunaanza kesho.

2 Februari 2025: Njia ya kwanza imefeli

Wiki nne zimeisha. Wastani wa wiki umetoka 94.0 hadi 93.6, yaani gramu mia nne tu. Kwa hesabu za programu nilitakiwa niwe nimeacha kilo 1.8.

Maelekezo niliyafuata yote. Kila nikimaliza kukimbia, saa ilituma kalori zilizochomwa, programu ikaziongeza kwenye posho ya siku hiyo, nami nikazila bila wasiwasi. Siku za mbio posho ilipanda hadi 2,500 na ushee. Ukichanganya siku za mbio na za mapumziko, nimekula wastani wa 2,230 kwa siku.

Nimekaa na takwimu zote mezani, na nimekuta kasoro tatu. Zote zinavuta upande mmoja, upande wa kunilisha zaidi.

Kwanza, mazoezi yamehesabiwa mara mbili. Kile kizidisho cha 1.375 tayari kimeshajumlisha mbio zangu. Kama ningechagua 1.2 ya mtu wa kukaa, ningepewa 2,178. Tofauti ya hizo mbili ni 318 kila siku, pamoja na Jumatatu ambayo nimeshinda kitini. Juu ya hizo 318, saa ikaongeza wastani wa 231 kwa mazoezi yaleyale. Programu haikuniuliza kama nishalipwa.

Pili, saa yenyewe inazidisha. Chukua mbio za Jumatano ya tarehe 22: kilomita 5, dakika 40, saa ikaandika 612. Wakimbiaji wana kanuni ya haraka ya kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na kwa kilo zangu 94 inatoa 470. Nikahakiki kwa jedwali la MET, ambalo lilitolewa mara ya kwanza 1993 na hupanga kazi za mwili kwa mara ngapi zinazidi kukaa kimya. Kukimbia kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa ni MET 8.3, yaani kama kalori 8.3 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Hata kama ningekuwa na mwendo huo (nilikuwa na 7.5), dakika 40 zisingevuka 520. Hizo 612 zimetoka wapi, saa ndiyo inajua. Wala si saa yangu peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima saa na bangili saba kwa watu 60 wa kujitolea. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya saba zilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93.

Tatu, na hii ndiyo wengi hawaioni: hata zile 470 si zote za mbio. Katika dakika 40 hizo, kama ningekuwa nimejilaza kwenye kochi, mwili ungetumia kama 60 vilevile. Hizo 60 zimo tayari kwenye 2,178 ya siku. Kwa hiyo kilichoongezwa na mbio ni 410, au 82 kwa kilomita. Saa ilikuwa imeniruhusu kula 612.

Baada ya hapo nikafanya kama tunavyofanya kazini mwisho wa mwezi. Leja ikisema hivi na taarifa ya benki ikasema vile, tunaishika ya benki kwanza, halafu tunarudi kutafuta risiti. Benki yangu ni mizani. Kanuni ni hii: chukua wastani wa ulichokula kwa siku, jumlisha kilo zilizopungua mara 7,700 gawanya kwa idadi ya siku. Hiyo 7,700 ni nishati inayokadiriwa kuwa ndani ya kilo moja ya mafuta ya mwili. Ina asili kwenye andiko la daktari Max Wishnofsky la mwaka 1958, ambaye aliitaja kama 3,500 kwa ratili. Mimi basi: 0.4 mara 7,700 gawanya 28 ni 110. Jumlisha 2,230. Matumizi yangu halisi ya Januari ni 2,340 kwa siku.

Kwa hesabu ya mkono, mtu wa kukaa 2,178, jumlisha mbio tatu za 410 zikigawanywa kwa siku saba, inatoka 2,354. Zimepishana kwa 14 tu. Nisimdanganye mtu, hiyo ni bahati. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, na sijui ni vingapi vimepita jikoni kwangu bila kuandikwa. Ila uzuri wa njia hii ni kwamba ukikosea kwa namna ileile kila siku, kosa linaingia kwenye namba yako na kukaa humo. Namba inakuwa ya daftari lako, na daftari hilohilo ndilo utakaloendelea kulitumia.

Marekebisho: kizidisho nimekishusha hadi 1.2, saa nimeiondoa kwenye programu. Mazoezi sasa yanahesabiwa sifuri. Posho 1,700.

2 Machi 2025: Sifuri nayo ina deni lake

Mizani: 93.6 hadi 92.3. Kilo 1.3 kwa wiki nne. Mke wangu ameona tofauti kwenye shingo ya shati, na ningekuwa mtu wa kuridhika haraka ningefunga shajara hapa.

Lakini hesabu haikai. Nimeandika wastani wa 1,720. Mbio zimeongezeka, kwa sababu klabu imeanza kwenda kilomita 8 Jumapili, kwa hiyo jumla ni kilomita 18 kwa wiki. Kwa namba zangu nilitakiwa kutumia kama 2,370 kwa siku na kupungua kilo 2.3 au zaidi. Benki inasema nimetumia 2,077. Kuna karibu kalori 300 kwa siku ambazo ama sikuzichoma, ama nilizila bila kuziandika.

Nimezitafuta wiki nzima. Sehemu moja nimeikuta kwenye simu. Simu huwa siendi nayo kukimbia, inabaki nyumbani, kwa hiyo hatua inazohesabu ni za maisha ya kawaida. Januari wastani ulikuwa 8,100 kwa siku. Februari 5,400. Nikajiuliza kulikoni, nikakumbuka bodaboda. Asubuhi nikishakimbia miguu inakuwa mizito, na ule mwendo wa kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala ambao Januari nilikuwa nautembea, Februari nimekuwa naupandia boda. Shilingi 1,000 kwenda, na jioni 1,000 kurudi. Hatua 2,700 ni kama kilomita mbili, na kwa uzito wangu hizo ni kalori 100 hivi. Yaani nimelipa fedha taslimu kuzirudisha kalori nilizoamka saa 11 alfajiri kuzichoma. Gharama hii naiandika: mwezi mzima, siku za kazi, inakaribia 40,000, zaidi ya bei ya mizani.

Sehemu ya pili iko kwenye supu.

Wanaojua jogging za Dar watanielewa. Mnakimbia barabarani na fulana za sare, mnaimba, mwenye filimbi mbele, na mwisho wa safari ni supu. Ukiondoka bila supu unaonekana una jambo na wenzako. Mimi nilikuwa naandika "supu na chapati, 400" na kuendelea na maisha. Jumapili iliyopita nilibeba mizani ya jikoni kwenye begi. Nilipoiweka mezani na kulaza chapati juu yake, mama wa supu alisimama na upawa mkononi.

"Baba, hiyo chapati ina madini?"

Meza nzima ikacheka, na tangu hapo klabuni jina langu ni Mhasibu. Chapati ile ilikuwa na gramu 110, inang'aa mafuta pande zote. Kwa kalori 300 kwa kila gramu 100 ni 330, na huwa nakula mbili: 660. Bakuli la supu ya mbuzi lenye nyama na mafuta yanayoelea nimelikadiria 250. Soda ya mililita 350 ina kama 147. Jumla 1,057. Mbio za kilomita 8 zilikuwa zimenipa 650. Nilichokuwa naandika ni 400, kwa hiyo kila Jumapili kalori kama 650 zilikuwa zinapita nje ya daftari, na ukizigawanya kwa siku saba ni 93.

Boda 100, supu 93. Zimebaki kama 100 ambazo sijazipata. Nashuku karanga za mezani kazini. Huenda pia maji yamo, maana misuli iliyochoshwa huvimba kidogo na mizani haijui kutofautisha maji na mafuta. Naiacha wazi.

Jambo la muhimu zaidi ni kwa nini supu ilinizidi nguvu. Posho ya Jumapili ilikuwa 1,700, na kilomita 8 zikachukua 650. Mwili ulibaki na 1,050 za kuendeshea siku nzima. Jumapili ya pili nilipata kizunguzungu kabla hatujamaliza. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo ukimweka mbele ya chapati hajadiliani nayo. Kuhesabu mazoezi sifuri ni salama kwa mbio fupi. Kwa mbio ndefu ni kujikopesha asubuhi na kulipishwa riba mchana.

30 Machi 2025: Mwezi bila mbio

Ramadhani imekuja na kuipa shajara hii jaribio ambalo nisingelipanga mwenyewe. Klabu ilisimama, mimi nikasimama, mazoezi yakawa sifuri ya kweli. Kupima nilihamishia kabla ya daku, kwa sababu uzito wa jioni baada ya futari ulikuwa unapanda na kushuka bila adabu kutokana na chumvi na maji.

Futari ndiyo ilinipa kazi. Magimbi, viazi vitamu na mihogo peke yake si tatizo, unapima na kuandika. Tui zito la nazi ndilo linalopandisha hesabu, na kila nyumba ina mkono wake. Nilichofanya ni kupima sufuria tupu, kupima sufuria likiwa limeiva, kujumlisha kalori za kila kilichoingia, kisha kupima sahani yangu na kuchukua fungu langu. Kwa vyakula vya kwetu natumia majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa 2008 na Muhimbili pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Programu ya simu ina chapati za kila nchi na haijui lolote kuhusu futari.

Matokeo: wastani wa kula 1,850, uzito kutoka 92.3 hadi 91.7. Kilo 0.6, sawa na 165 kwa siku. Matumizi 2,015.

Weka Januari na Machi pamoja: 2,340 dhidi ya 2,015, tofauti 325. Mbio za Januari zilikuwa na thamani ya 176 kwa siku. Hatua za kawaida zimeshuka hadi 6,000, nazo ni kama 75. Mwili wenyewe umepungua kilo mbili na ushee, na mwili mdogo hutumia kidogo; hapo weka 25 hivi. Zilizobaki, kama 50, haziwezi kunisumbua kwa vipimo vya jikoni.

Hapa nimeelewa utafiti ambao nilikuwa nausikia tu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, hawa hawa wa Ziwa Eyasi, watu 30 wazima wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kila siku. Walitumia maji yenye isotopu (atomi nzito kidogo kuliko za kawaida), kipimo kinachoonyesha nishati yote ambayo mtu ametumia katika maisha yake ya kawaida bila kumfungia maabara. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe hawakuwa wanatumia nishati nyingi kuliko Wamarekani na Wazungu wa mijini. Maelezo ambayo Pontzer ameyatetea tangu hapo ni kwamba mwili una bajeti: ukiutumikisha huku, unabana kule. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani. Mimi ninachokiona kwenye daftari langu ni kwamba Februari nilibana kwa bodaboda, jambo ambalo halihitaji isotopu kuligundua, na kwamba kudai thamani yote ya kila mbio ni kujipunja.

Uamuzi wa hatua inayofuata. Posho ya kudumu 1,850 kila siku, iwe mvua iwe jua. Mbio zinarudishiwa nusu ya thamani yake halisi, na thamani hiyo naipata kwa kilomita: uzito wangu mara 0.87 (zile 82 za Januari gawanya kwa kilo 94). Saa haiulizwi. Nusu hiyo nailipa kwa chakula kilichopangwa tangu jana yake, kikaliwa siku ileile ya mbio. Mbio fupi chini ya kilomita 5 hazirudishiwi kitu. Hatua za kawaida zisishuke chini ya 8,000, na boda ni kwa siku ya mvua tu.

Wiki ya Idi sitaihesabu. Biriani ina haki zake.

13 Aprili 2025: Kamba

Ingizo fupi. Masika yameanza kwa fujo, barabara ya alfajiri imejaa maji, mbio moja ya katikati ya wiki nimeibadilisha na kuruka kamba barazani. Kamba shilingi 7,000.

Niliandika dakika 20 kwenye programu ili nione tu, ikanijibu zaidi ya 360. Hesabu yake naielewa: kuruka kamba kwa kasi ya mizunguko 100 hadi 120 kwa dakika ni MET 11.8, mara kilo 92, mara theluthi ya saa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu wa kilo 92 anayeruka dakika 20 mfululizo. Nilimpa mwanangu simu ahesabu muda ambao kamba inazunguka kweli, asimamishe kila ninapojikwaa au kushika kiuno. Alichukulia kazi hiyo kwa ukali kuliko nilivyotarajia. Katika dakika 20, kamba ilizunguka dakika 9. Ukitoa na zile ambazo ningetumia nimekaa, ni kama 150.

Kosa hilihili liko kwenye gym na kwenye mpira wa jioni: muda unaoandikwa ni wa kufika hadi kuondoka, na ndani yake kuna maji, stori na kusubiri mashine. Kwa yeyote anayeiga mradi huu, pima muda wa kazi.

11 Mei 2025: Njia ya tatu imekaa

Wiki ya kuanzia 7 Aprili wastani 91.6, wiki inayoishia leo 90.3. Kilo 1.3 kwa siku 28. Ni sawasawa na Februari kwa mizani, lakini safari hii daftari limekubaliana nayo: nimekula wastani wa 1,940, benki inasema nimetumia 2,297, makadirio yangu yalikuwa 2,320.

Yaani kwa daftari nimekula kalori 220 zaidi ya Februari kila siku, nikapungua kiasi kilekile. Kizunguzungu hakijarudi. Hatua zimekaa 8,200, na fedha ya boda iliyobaki imeshalipa kamba na mizani ya jikoni.

Supu sijaiacha. Jumapili ya kilomita 8 thamani yake sasa ni kama 630, nusu yake 315, na nusu bakuli la supu na nusu chapati vinaingia humo kwa kubanana. Nusu nyingine ya chapati inapata mtu kabla hata sijaiweka chini. Soda nimebadilisha na maji, na hakuna aliyenisema.

Saa bado naivaa kwa sababu kilomita na mapigo ya moyo inayapata vizuri. Sehemu ya kalori nimeiondoa kwenye uso wake ili isinishawishi.

Angalizo kwa mnaofuata: namba ya matumizi lazima uirudie kila baada ya wiki nne, kwa sababu mwili unapungua na kanuni haikufuati yenyewe. Na mtu mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito au anayenyonyesha, aanze kwa daktari kabla ya hesabu hizi, kwani kupunguza chakula na kuongeza mbio kwa pamoja kunaweza kushusha sukari ghafla.

1 Juni 2025: Mwili mwingine, hesabu nyingine

Dada mmoja wa klabu ameomba aige mradi. Ana miaka 35, urefu sentimita 158, kilo 68.0. Nikampa karatasi yangu ajaze, akairudisha baada ya dakika tano.

"Kaka Mhasibu, hizo mia tano zako mimi nikizitoa, nabaki na nini?"

Ana hoja. Kanuni inampa 1,332, mara 1.2 ni 1,598. Toa 500, anabaki na 1,098. Hiyo ni posho ya mtoto, na bado anatarajiwa akimbie, afanye kazi na alee watoto wawili. Upungufu ule ambao kwangu ni karibu robo ya matumizi, kwake unakaribia theluthi. Kilomita moja inampa 59, kwa hiyo mbio za kilomita 5 ni 295.

Tumebadilisha mambo mawili. Upungufu wake umeshuka hadi 300, hivyo posho ya kawaida ni 1,300. Na mbio anarudishiwa zote 295 badala ya nusu. Mimi nilitetea nusu. Alisema siku ya mbio akila kwa nusu anasinzia ofisini kuanzia saa 8 mchana, na yeye si mtu wa kusinzia mbele ya wateja. Nikamkumbusha kwamba akirudishiwa zote, mbio hazitampunguza hata gramu moja, kupungua kote kutatoka kwenye zile 300. Akasema sawa, yeye mbio anazitaka kwa ajili ya pumzi na kwa ajili ya Jumapili, na kwa 300 atapungua kama kilo moja kwa mwezi, haraka ya nini? Hapo sikuwa na la kuongeza. Sharti nililombana nalo ni hatua. Simu yake inasema 9,000 kwa siku, na zikishuka nitajua boda imeingia.

Mimi naendelea na nusu, posho imeshuka hadi 1,800. Yeye anaanza kesho. Mizani ya jikoni ameshanunua, 25,000, zimepanda. Vipimo vyake vya wiki ya nne vitaingia hapa 29 Juni, pamoja na vyangu.